Moyo unaosukuma damu pande mbili: uchambuzi wa kisa cha vali ya mitrali inayovuja

Mwanamume wa miaka 57 alifika hospitali kwa ajili ya upasuaji mdogo wa ngiri. Daktari wa usingizi, alipokuwa akimkagua kama ilivyo desturi kabla ya upasuaji, aliweka stetoskopu kifuani na kusikia mvumo uliojaza nafasi yote kati ya sauti ya kwanza na ya pili ya moyo. Mgonjwa alisema hajawahi kuugua moyo, hana maumivu ya kifua, hajawahi kuzimia, na anafanya kazi zake kila siku. Alipelekwa kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na jibu likaandikwa kwamba vali ya mitrali inavuja kwa kiwango cha wastani, kwamba nguvu ya moyo ni nzuri kwa asilimia 66, na kwamba arudi kupimwa baada ya miaka miwili. Upasuaji wa ngiri ulifanyika bila tatizo. Miezi 16 baadaye alirudi akiwa na mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo na kifua kinachobana kila anapolala chali.

Mgonjwa huyu si mtu mmoja wa kweli. Ni kielelezo kilichotengenezwa ili takwimu zake zisomeke kwa urahisi, ingawa njia aliyoipitia inajulikana vizuri katika kliniki za moyo. Swali la uchambuzi huu ni moja: ilikuwaje jibu la kwanza, ambalo halikuwa na namba hata moja ya uongo, likampa mgonjwa na madaktari wake picha isiyo sahihi?

Tuanze na vali yenyewe. Moyo una vali nne, na ya mitrali hukaa upande wa kushoto, kati ya chemba ya juu inayopokea damu kutoka mapafuni na chemba ya chini inayoisukuma kwenda mwilini. Ina vifuniko viwili, cha mbele na cha nyuma. Kingo za vifuniko hivyo zimefungwa kwa nyuzi nyembamba ngumu, na nyuzi hizo zimeshikwa na misuli miwili midogo inayochomoza kwenye ukuta wa chemba ya chini. Chemba ya chini inapojikaza, shinikizo la damu hupuliza vifuniko kuelekea juu kama upepo unavyojaza tanga, na nyuzi huvizuia visipinduke. Kwa mgonjwa huyu uzi mmoja unaoshika sehemu ya katikati ya kifuniko cha nyuma ulikuwa umekatika, na kipande hicho kilikuwa kikipinduka kuingia chemba ya juu katika kila pigo. Chanzo chake ni udhaifu wa tishu za vali unaokuja taratibu kwa miaka mingi, ambapo vifuniko hulegea na nyuzi hurefuka hadi mojawapo inakatika. Ulegevu wa aina hii ulieleweka vizuri zaidi katika miaka ya 1960, baada ya John Barlow na wenzake wa Johannesburg kuonyesha kwamba mlio mfupi na mvumo wa mwishoni mwa pigo, vilivyokuwa vikidhaniwa kutoka nje ya moyo, vinatoka kwenye vali ya mitrali.

Hapa inafaa kutenganisha kisa hiki na vingine vinavyofanana nacho kwa jina tu. Kama mgonjwa angekuwa kijana wa miaka 18, dhana ya kwanza katika sehemu kubwa ya dunia ingekuwa homa ya rumatiki, ambayo hufuata maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka na kuacha vifuniko vikiwa vinene, vifupi na vilivyogandamana. Kijana huyo angehitaji sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili homa isirudi na kuizidishia vali madhara, na vali yake ingekuwa ngumu zaidi kurekebishwa. Kwa upande mwingine wapo wagonjwa ambao vifuniko vyao ni vizima kabisa, ila chemba ya chini imepanuka kwa sababu ya ugonjwa wa misuli ya moyo na kuvivuta visikutane. Kwa hao ugonjwa uko kwenye msuli, na matibabu huanza na dawa za kutibu moyo unaoshindwa kufanya kazi kabla ya mtu kuigusa vali. Yanayofuata hapa yanahusu aina ya mgonjwa wetu pekee, yaani ile ambayo vali yenyewe ndiyo mbovu.

Kosa la kwanza katika usomaji wa kipimo lilikuwa kwenye picha. Eko huonyesha mtiririko wa damu kwa rangi, na ni rahisi kwa jicho kupima ukubwa wa uvujaji kwa kuangalia eneo ambalo rangi imelifunika ndani ya chemba ya juu. Damu inayovuja katikati ya vali hutawanyika na kuonekana kama wingu kubwa. Lakini kifuniko cha nyuma kinapopinduka, damu hurushwa kwa mshazari kuelekea mbele, ikaukumbatia ukuta wa chemba na kuteleza juu yake. Kwenye skrini huonekana utepe mwembamba wa rangi uliobanwa ukutani, ambao mtu asiye mwangalifu huuona mdogo. Utepe kama huo unapaswa kumtia shaka anayepima badala ya kumtuliza, kwa kuwa damu iliyopinda na kuambaa ukutani huonekana ndogo kuliko ilivyo. Mshazari huohuo huhamisha hata mvumo. Kwa kawaida mvumo wa mitrali husikika zaidi kwenye ncha ya moyo na kusambaa kuelekea kwapani, lakini kifuniko cha nyuma kikilegea unaweza kusambaa kuelekea mbele, karibu na mfupa wa kifua, na daktari akadhani anasikiliza vali ya aota, ile iliyo kwenye mlango wa mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini.

Jibu la kwanza lilikuwa na namba nyingine ambayo haikutiliwa maanani: chemba ya juu ya kushoto ilikuwa na upana wa milimita 48, zaidi ya kawaida, kwa mtu asiye na shinikizo la damu na ambaye mapigo yake wakati huo yalikuwa sawa. Chemba haipanuki hivyo kwa bahati. Ilikuwa imepokea damu ya ziada kwa muda mrefu, na upana wake ulikuwa ukipingana waziwazi na neno "wastani" lililoandikwa mstari wa chini yake.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo linahusu ile asilimia 66. Namba hii, ambayo madaktari huiita EF, ni sehemu ya damu iliyokuwamo ndani ya chemba ya chini ambayo hutoka kila moyo unapojikaza. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya asilimia 55 na 70 hivi, kwa hiyo 66 inaonekana nzuri mno. Lakini namba hiyo haiulizi damu imekwenda wapi. Inahesabu kilichotoka, basi.

Tuchukue vipimo vya mgonjwa wetu. Chemba ilipojaa ilikuwa na mililita 190 za damu, na baada ya kujikaza zikabaki 65, kwa hiyo zilizotoka ni 125, ambazo ni asilimia 66 ya 190. Damu iliyopita kwenye vali ya aota, yaani ile iliyokwenda mwilini kweli, ilipohesabiwa kwa kutumia kasi yake na upana wa njia yake, ilikuwa mililita 62 tu. Zilizobaki, mililita 63, zilirudi nyuma kupitia vali mbovu. Kiwango kinachotumiwa kuuita uvujaji wa aina hii mkubwa ni mililita 60 au zaidi kwa kila pigo, au nusu au zaidi ya damu yote iliyosukumwa, na mgonjwa huyu alikuwa amevipita vyote viwili. Damu iliyofika mwilini ilikuwa karibu theluthi moja tu ya ile iliyojaza chemba. Hesabu hii haihitaji mashine mpya. Vipimo vyote viwili vinavyohitajika vingeweza kuchukuliwa siku ileile.

Kwa nini basi moyo ulionekana una nguvu? Kwa sababu kazi yake ilikuwa imerahisishwa kwa njia isiyofaa. Moyo wa kawaida husukuma damu kuelekea aota dhidi ya shinikizo kubwa la mwilini. Moyo wenye mitrali inayovuja umepata njia ya pili, ile ya kurudi kwenye chemba ya juu ambako shinikizo ni dogo sana, na msuli uliochoka unaweza bado kumwaga damu nyingi kupitia njia hiyo. Ndiyo maana katika ugonjwa huu asilimia 60 haisomwi kama kwa watu wengine. Miongozo ya kitabibu ya Ulaya na ya Marekani inaichukulia EF ya asilimia 60 au pungufu kuwa dalili kwamba msuli wa chemba ya chini umeanza kudhoofika, na inaweka sharti jingine sambamba nalo, kwamba chemba hiyo inapokuwa imejikaza kabisa, upana wake wa ndani usifikie milimita 40. Ukivukwa mpaka mmoja kati ya hiyo miwili, upasuaji hupendekezwa hata kama mgonjwa anasema hajisikii vibaya. Siku ya kwanza upana huo ulikuwa milimita 37. Mgonjwa alikuwa bado ndani ya mipaka, lakini kwa milimita tatu tu, na mtu wa namna hiyo anatakiwa kupimwa kila baada ya miezi 6 au, kwa kukawia sana, mwaka mmoja. Miaka miwili ni ratiba ya uvujaji wa wastani.

Limebaki suala la dalili. Kwenye faili iliandikwa "hana dalili", na hilo lilikuwa jibu la swali lililoulizwa vibaya. Mtu ambaye vali yake inaharibika kwa miaka kumi hajui kwamba anaugua. Hupunguza mwendo bila kutambua na kuuita upungufu huo umri. Alipoulizwa tena miezi 16 baadaye, alijibu, "Daktari, mimi nilikuwa mzima, ila ngazi nilishaziacha muda." Mke wake, aliyekuwa amekaa pembeni, ndiye aliyesema kwamba mumewe analalia mito mitatu tangu mwaka uliotangulia na kwamba wakitembea pamoja husimama njiani akijifanya anatazama kitu. Swali lenye manufaa zaidi ni lile linalolinganisha: kitu gani ulichokuwa ukikifanya mwaka jana ambacho sasa hukifanyi? Jibu likiwa halieleweki, mgonjwa hupandishwa kwenye mashine ya kukimbilia huku akipimwa mapigo na shinikizo, na miguu humaliza ubishi ambao mdomo hauwezi kuumaliza.

Katika ziara ya pili hali ilikuwa imesonga mbele. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo yasiyo na mpangilio, hali inayotokana na kutanuka kwa chemba ya juu, ambayo sasa ilikuwa na upana wa milimita 54. Chemba ya juu inayotetemeka badala ya kujikaza huacha damu ituame kwenye kijifuko chake cha pembeni, na donge la damu linalotengenezeka humo linaweza kupanda hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo alianzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda siku hiyohiyo, pamoja na dawa ya kupunguza kasi ya mapigo na nyingine ya kupunguza maji yaliyojikusanya mapafuni. EF ilikuwa imeshuka hadi asilimia 58, upana wa chemba ya chini baada ya kujikaza umefika milimita 43, na shinikizo katika mishipa ya mapafu lilikadiriwa kuwa milimita 52 za zebaki. Mipaka yote miwili ilikuwa imevukwa, na dalili zilikuwapo.

Aliuliza kama dawa zingetosha, na swali hilo linastahili jibu la moja kwa moja. Dawa za kupunguza maji zinampa nafuu ya pumzi na zinamwezesha kulala. Dawa za shinikizo la damu zina kazi kubwa kwa mwenye shinikizo la damu. Lakini hakuna kidonge kinachounganisha uzi uliokatika, na kwa mtu ambaye vali yenyewe ndiyo mbovu, shinikizo lake ni la kawaida na chemba yake haijashindwa, haijathibitishwa kwamba kumpa dawa za kutanua mishipa kunachelewesha madhara. Nafuu ya dawa ina hatari yake pia, kwa sababu mgonjwa anayepumua vizuri huahirisha upasuaji wakati msuli ukiendelea kuchakaa.

Uamuzi uliofuata ulikuwa kati ya kurekebisha vali na kuibadilisha. Vali bandia ya mitrali ilianza kutumika kwa mafanikio mwaka 1960, na kwa muda mrefu kuibadilisha ndiyo ilikuwa njia ya kawaida. Daktari Alain Carpentier wa Ufaransa alibadili mwelekeo huo kwa kuonyesha kwamba vali nyingi zinazovuja zinaweza kutengenezwa papo hapo. Mbinu zake, alizozieleza kwa upana mwaka 1983, bado ndizo msingi wa upasuaji huu. Vali ya chuma hudumu sana lakini humfunga mgonjwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, pamoja na kipimo cha INR kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ambacho kwa nafasi ya mitrali hutakiwa kuwa karibu na 3. Vidonge vipya vya kuzuia kuganda kwa damu havifai kwa vali hiyo. Vali ya tishu ya mnyama haihitaji warfarini ya kudumu, ila huchakaa na inaweza kuhitaji kubadilishwa tena. Mgonjwa mwenye tatizo la sehemu ya katikati ya kifuniko cha nyuma ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote ya kurekebishwa, mradi apate daktari mwenye uzoefu wa kazi hiyo. Ipo pia njia ya klipu inayopitishwa kwenye mshipa wa paja na kubana vifuniko viwili pamoja, lakini kwa ugonjwa wa aina hii hutumika zaidi kwa watu ambao upasuaji wa kifua ni hatari mno kwao, na mgonjwa wetu hakuwa mmoja wao.

Kabla ya upasuaji alifanyiwa eko inayopitishwa kwenye umio, ambayo huiona vali kutoka nyuma kwa ukaribu mkubwa, na mishipa inayolisha moyo ilipigwa picha ili ikionekana imeziba ishughulikiwe katika upasuaji uleule. Ilikuwa wazi. Moyo ulisimamishwa, damu ikapitishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, na chemba ya juu ikafunguliwa. Kipande kilichopinduka kilionekana mara moja, kikiwa na mabaki ya uzi uliokatika yaliyojikunja kama nywele iliyoungua. Daktari alikata sehemu ndogo yenye umbo la pembetatu, akaunganisha kingo mbili zilizobaki, kisha akashonea pete kuzunguka tundu la vali ili lisiendelee kutanuka. Alijaza maji ya chumvi ndani ya chemba ya chini kwa bomba na kutazama vifuniko vikikutana, bila maji kutoka pembeni. Kijifuko cha chemba ya juu kilifungwa pia. Moyo ulipoanza kupiga tena, eko ya umio ilirudiwa kabla kifua hakijafungwa, kwa sababu uvujaji uliobaki ni heri uonekane hapo kuliko wodini.

Kipimo cha wiki ya kwanza kiliwashtua ndugu waliokisoma. EF ilikuwa asilimia 50, chini kuliko kabla ya upasuaji, na mmoja wao akauliza kama moyo umeharibiwa. Mantiki ileile iliyodanganya mwanzoni ndiyo inayotoa jibu. Chemba ilikuwa imepungua hadi mililita 150 ilipojaa, na nusu yake ni mililita 75, ambazo sasa zote zilikwenda mwilini. Kabla ya upasuaji asilimia 58 ilikuwa ikipeleka mwilini takriban mililita 58 kwa pigo, zilizobaki zikirudi nyuma. Asilimia imeshuka, damu inayofika imeongezeka. Njia ya kurudi imezibwa, na msuli sasa unaonekana kwa nguvu zake halisi bila msaada wa mlango wa nyuma. Hata hivyo asilimia 50 si habari njema kabisa. Mgonjwa anayepasuliwa kabla EF haijashuka chini ya 60 na kabla upana haujafika milimita 40 hutarajiwa kubaki na msuli wenye nguvu zaidi kuliko anayepasuliwa baada ya hapo, na miezi 16 aliyokaa bila kupimwa ina sehemu yake katika pengo hilo. Baada ya miezi sita ilikuwa imepanda hadi 54.

Mapigo yake yalirudi kwenye mpangilio, lakini dawa ya kuzuia damu kuganda haikusimamishwa, kwa kuwa mapigo yasiyo na mpangilio hurudi mara nyingi bila kutoa taarifa, na kufungwa kwa kijifuko hakukupewa nafasi ya kuchukua kazi ya dawa. Eko inarudiwa kila mwaka. Kwa kuwa sasa ana pete ndani ya vali, akienda kung'olewa jino au kufanyiwa kazi yoyote inayotoboa ufizi anapaswa kumeza antibiotiki kabla ili kuzuia maambukizi ya vali, kwa kawaida gramu 2 za amoksisilini kati ya nusu saa na saa moja kabla ya kuanza, isipokuwa kama ana mzio wa penisilini. Kabla ya kuwekewa pete hakuihitaji, kwani tangu mwaka 2007 miongozo ya Marekani imeacha kuipendekeza kwa vali inayovuja ambayo haijawekewa kitu cha bandia.